Kupwelewa, si Kukiuka

Mpwa wangu anayeishi Ohio, Marekani, alimtumia mama yake kwa WhatsApp barua aliyoletewa na benki. Ndani yake ulikuwamo ukurasa wa Kiswahili, uliofasiriwa kwa ajili ya wateja ambao Kiingereza kinawapa taabu, na juu pameandikwa kwa herufi nene: “Taarifa ya Ukiukaji wa Mstari wa Mkopo wa Usawa wa Nyumba.” Dada yangu amezaliwa Chokocho, Pemba, na hajapata kuhama. Aliifahamu barua ile kwa namna pekee inayofahamika kwa Kiswahili: mwanawe amejenga akavuka mpaka wa jirani, na ukuta wenyewe umekwenda upande. Akaniuliza kama watauvunja.

Simlaumu dada, wala mfasiri wa Ohio simlaumu sana. Maneno yale hakuyabuni yeye. Ameyatoa katika orodha inayozunguka mikononi mwa wafasiri wa mambo ya fedha, iliyotungwa na wataalamu waliokaa mezani wakafasiri neno moja moja, kila neno na mwenzake, bila kuuliza kama kitu chenyewe kimeshawahi kuwa na jina.

Kitu chenyewe wasomaji wanakijua: thamani ya nyumba imelizidi deni lake, na benki inamruhusu mwenye nyumba achote fedha kidogo kidogo kwa dhamana ya ile ziada, mara nyingi kwa miaka 10, kisha alipe kwa miaka hata 20, kwa riba inayopanda na kushuka. Mkopo wa kuchota, basi. Huo “mstari” unatoka wapi?

Usawa ndio mbaya zaidi. Neno la Kiingereza lililofasiriwa hivyo halikuingia katika habari za nyumba kwa maana ya vitu viwili kulingana. Liliingia kwa mlango wa mahakama. Katika sheria ya kale ya Uingereza, aliyeweka ardhi yake rehani akaikosa siku ya kulipa, hata kwa siku moja, ardhi ilimtoka moja kwa moja. Jina lenyewe la rehani walilichukua kwa Wafaransa wa zamani, na maana yake ni dhamana iliyokufa. Wadaiwa wakakimbilia mahakama ya Chansela, iliyohukumu kwa insafu pale maandishi yalipokuwa makali mno, na katika karne ya 17 kanuni ikawa imeshika mizizi: mwenye mali ana haki ya kuikomboa hata baada ya siku kupita. Ikaitwa insafu ya kukomboa. Miaka ikapita, ndimi zikafupisha, “ya kukomboa” ikaanguka, ikabaki insafu peke yake kuwa jina la ile sehemu ya nyumba ambayo ni ya mwenyewe ukishaliondoa deni. Kiini cha neno ni ukombozi. Wataalamu wetu wameliokota ganda.

Na kukomboa si kitenzi tulichokuwa tukikitafuta. Kwa Kiswahili rehani huwekwa na hukombolewa, na kinachotolewa ili kitu kikombolewe ni komboleo. Mwenye nyumba aliyelipa nusu ya deni ameshatoa komboleo la nusu, na bei ya nyumba ikipanda komboleo lake linakua nayo. Komboleo la nyumba: dada yangu angelifahamu kabla hajavaa miwani.

Angelifahamu kwa sababu kisiwa hiki kimepita humo. Wazee waliokuwa wakiikimbia riba waliandikiana bei khiyari: mwenye shamba la mikarafuu analiuza kwa mkopeshaji, na ndani ya muda waliopatana ana khiyari ya kurejesha fedha na kulitwaa shamba lake. Katika muda huo hulikodi shamba lile lile lililokuwa lake, na kodi ndiyo iliyokaa mahali pa riba. Bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya 1930 mashamba mengi ya Unguja na Pemba yalikuwa yamefungwa na madeni, hata serikali ya kikoloni ikatoa sheria mwaka 1934 kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa wadai bila ruhusa. Mapinduzi ya 1964 yaliligeuza suala lote la ardhi, watu wakagaiwa eka tatu tatu, lakini msamiati haukutaifishwa. Kukomboa kumebaki kukomboa.

Nije kwenye kukiuka, ambako ndiko hasa kunakonikera. Kukiuka ni kuinua mguu na kupita juu ya kitu unachokiona. Pana kusudi ndani yake, na pana ukaidi. Mtu aliyepunguziwa saa za kazi akakosa fedha ya mwezi hakuinua mguu popote. Hata neno la Kiingereza halimshutumu kiasi hicho, maana ukilifuata nyuma kwa Kifaransa hadi Kilatini unakuta kukosa na kupungukiwa. Mabenki yetu husema mikopo chechefu kwa ile iliyopitisha siku 90 bila kulipwa, na sina ugomvi nalo, kwani linataja hali ya mkopo katika vitabu vya benki. Hali ya mtu linaiacha bila jina.

Jina hilo lipo bandarini Chokocho, pale wanapopandia mashua watu wa Kisiwa Panza. Maji yakipwa, mashua iliyochelewa kuondoka hulala juu ya matope. Imepwelewa. Haikutoboka na haikuzama. Wenyewe huitia magadi, yaani miti ya kuitegemeza, isilale ubavu, hushusha mzigo, hungoja. Aliyepwelewa maji ya kawaida ataelea maji yakirudi. Aliyepwelewa kwenye kilele cha bamvua ana shughuli nzito zaidi, maana maji yajayo hayatamfikia, na huenda akangoja bamvua jingine, karibu wiki mbili. Hivyo ndivyo deni lilivyo: kuna aliyekosa mwezi mmoja, na kuna ambaye mapato yake yamepungua kabisa na hayatarudi upesi. Neno moja linawachukua wote wawili.

Litazameni pia kisarufi. Mzizi ni -pwa, ule ule uliotupa pwani, mahali maji yanapopwa. Kupwelewa ni kauli ya kutendewa. Chombo hakitendi, kinatendewa na maji yaliyoondoka chini yake, kama vile mtu anavyofiwa na hakuna anayemuuliza kwa nini amefiwa. Kutokana na kufiwa tuna mfiwa, na kutokana na kupwelewa tutakuwa na mpwelewa. Aliye na fedha akazificha asilipe, huyo na aitwe mkaidi, na kukiuka apewe yeye. Dini imeshawatenganisha. Sura ya Al-Baqara, ile ile inayotaja rehani katika aya ya 283, katika aya ya 280 inaagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate nafasi. Lugha inayowaita wote wawili wakiukaji imerudi nyuma ya hapo.

Kwa upande wa matumizi, kwa kifupi: anayepwelewa aache kuchota, amwambie mkopeshaji kabla siku haijapita, na mapatano yoyote ayapate kwa maandishi. Mkopo wa kuchota mara nyingi hukaa nyuma ya rehani ya kwanza, na nyumba ikinadiwa wa kwanza ndiye anayelipwa mwanzo, kwa hiyo wa pili huwa na sababu ya kusikiliza. Asitegemee mlango wa kuchota kubaki wazi. Mwaka 2008 benki za Marekani ziliufunga kwa wateja wengi, kwa kuwa bei za nyumba zilikuwa zikianguka. Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya 1999 pamoja na marekebisho ya 2008 inataka notisi ya siku 60 kabla deni zima halijadaiwa. Siku hizo ndizo za kutia magadi.

Kupwelewa nilishalipeleka kwenye kikao cha istilahi. Nikajibiwa kwamba ni neno la wavuvi, kwamba mtu wa Dodoma au Kigoma hajaona maji kupwa, na kwamba istilahi lazima iwe ya taifa zima. Jibu hilo nimelitafakari kwa muda mrefu na sioni linaposimama. Ikulu ilitoka Unyamwezi, na sisi wa visiwani tunaitamka bila kuomba tafsiri. Kamusi zinalo kupwelewa, na maana yake ya kukwama haimtaki mtu awe amepanda mashua. Na ngeli, neno ambalo wajumbe wale wanalitumia kila wanapopanga maneno yetu, limetoka Uhaya. Hakuna mvuvi wa Chokocho aliyesimama kulikataa.