Minazi Mitano ya Upatanisho

Nilikuwa katibu wa baraza la kata wilayani Kisarawe, na kazi yangu ilikuwa kuandika. Kila neno lilikwenda daftarini, hata lile ambalo mtu alilitoa ili ugomvi uishe.

Mabaraza hayo yaliundwa kwa Sheria Na. 7 ya 1985. Sheria ya mahakama za ardhi ya 2002 ikayapa mashauri ya mashamba yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Mawakili hawakuruhusiwa, wala kanuni za ushahidi hazikutubana. Wazee walewale walipatanisha, na wakishindwa walihukumu. Basi mtu anasimama: "Mwenyekiti, shamba ni langu, lakini mdogo wangu nimwachie minazi mitano, yaishe." Mdogo anakataa. Rufaa ikifika Baraza la Ardhi na Nyumba, Kibaha, minazi ile inageuka kukiri. Kama shamba ni lako, unaligawaje?

Mahakamani mlango huo ulifungwa zamani. Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, ambayo Waingereza waliileta Tanganyika mwaka 1920, haikukubali ushahidi wa kukiri katika kesi ya madai pale wahusika walipokubaliana kwamba maneno yao yasitumike. Kanuni hiyo ikaingia katika Sheria yetu ya Ushahidi ya 1967. Ndiyo sababu wakili wa mjini akiandika barua ya kutaka mapatano huweka juu "bila kuathiri haki". Mkulima wa Maneromango nani angemwandikia hayo?

Wazee wenye busara walikuwa na njia yao. Waliwaita ndugu pembeni, chini ya mwembe, kabla sijafungua daftari. Kilichokubalika huko ndicho nilichoandika. Kilichokataliwa sikukijua, na nilishukuru.

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, kata ikanyang'anywa hukumu. Sasa inapatanisha tu, na siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaruhusiwa kupanda juu. Wajumbe wengi walinuna, wakaona wamevuliwa heshima. Mimi niliona wamerudishiwa kazi iliyo yao, maana mpatanishi asiyehukumu huambiwa mengi zaidi.

Makatibu vijana huniuliza waambatanishe nini kwenye faili la kwenda juu. Nawajibu: hati ya kwamba hawakupatana, basi. Nani alitoa minazi mingapi, hilo libaki kabatini.