Jina Lisiloitikiwa: Historia Fupi ya Kujiandikisha na Kuacha Masomo

Ndugu walimu, sisi tuitao majina kila siku twajua jinsi jina lisiloitikiwa linavyotia shaka. Je, mwenyewe ni mgonjwa, ni mvivu, au amelemewa na maisha? Swali hilo lina historia ndefu katika vyuo vya jamii vya Marekani, na hasa katika jimbo la California.

Chuo cha kwanza cha umma cha aina hiyo kilianza Joliet, jimbo la Illinois, mwaka 1901, ndani ya shule ya sekondari, kikiwa na wanafunzi 6 tu. Mwaka 1907 California ilipitisha sheria ya kuziruhusu shule za sekondari zifundishe masomo ya ngazi ya chuo, na mji wa Fresno ukaitumia mwaka 1910. Kisha ukaja Mpango Mkuu wa Elimu ya Juu wa mwaka 1960. Vyuo vikuu vya jimbo viliwekewa wanafunzi waliofaulu zaidi, na vyuo vya jamii vikawa mlango wa wengine wote, tena bila karo. Mfanyakazi wa zamu aliweza kujiandikisha somo moja la jioni. Zamu ikibadilika, aliliacha, akarudi muhula mwingine.

Hata hivyo, mwaka huo huo wa 1960, mtaalamu wa elimu-jamii Burton Clark, aliyekichunguza chuo cha San Jose, alionyesha upande wa pili. Wengi waliingia wakitaraji kuendelea hadi chuo kikuu, lakini kwa majaribio na ushauri matumaini yao yalipozwa polepole, hata wakaona kwamba kubadili njia ni uamuzi wao wenyewe.

Mwaka 1978 wapiga kura wa California walipunguza kodi ya majumba na ardhi, na vyuo vikapungukiwa fedha. Mwaka 1984 ada ikaanza kutozwa: dola 5 kwa kila yuniti ya somo, isiyozidi dola 50 kwa muhula. Tangu mwaka 2012 yuniti moja hulipiwa dola 46, ingawa wenye kipato kidogo huweza kusamehewa. Kuacha somo nako kukawa na gharama yake. Ajitoaye mapema haandikiwi kitu. Achelewaye hubaki na herufi W katika rekodi yake, na tangu mwaka 2012 herufi hiyo huhesabiwa miongoni mwa nafasi tatu za kulisoma somo hilo. Naye atowekaye bila kufuata utaratibu aghalabu huandikiwa kuwa ameshindwa.

Hapo ndipo penye funzo kwetu. Ajuaye taratibu hutoka salama na huweza kurudi. Asiyezijua, ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kusoma katika ukoo wao, huadhibiwa kwa ukimya wake. Basi kabla ya kulikata jina daftarini, tumtafute mwenyewe, tumwulize kilichompata, na tumweleze jinsi ya kuondoka na jinsi ya kurejea.