Mbuzi Ni wa Nani? Historia Fupi ya Katuni za Mtandaoni

Mwezi wa tatu mwaka huu, saa tano usiku, nilipata meseji ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayekaa Kimara. "Shikamoo dada. Umelala? Kuna kitu nimekutumia WhatsApp, naomba unisomee kabla sijasaini." Kitu chenyewe kilikuwa mkataba wa kurasa nne.

Huyu mdogo wangu anachora katuni za mwendo. Mhusika wake ni mbuzi anayeendesha bajaji, mkali wa nauli, mwoga wa trafiki. Ni vipande vya dakika moja moja. Anavichora usiku, kwa sababu mchana anatengeneza kadi za harusi ili apate hela ya kula. Kampuni moja ya hapa jijini ilimpenda yule mbuzi na ikataka kumnunua kwa shilingi milioni sita. Kifungu cha saba kilisema haki zote za mhusika zinahamia kwa kampuni, milele, katika vyombo vyote vilivyopo "na vitakavyobuniwa baadaye".

Nilikwama kwenye hilo neno, vitakavyobuniwa. Mimi ni mwandishi wa habari, si mwanasheria. Lakini kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiifuatilia historia ya katuni za mtandaoni, kwa mapenzi tu, na niliyoyasoma humo yalinifanya niogope. Nikamjibu: usisaini leo, nipe siku mbili. Haya mnayosoma ndiyo niliyomwandikia. Nimetoa tu mambo ya kifamilia.

Nianze na ninachokumbuka mwenyewe. Mwaka 2004 nilikuwa kidato cha pili, Morogoro. Siku moja kwenye mgahawa wa intaneti kijana aliyekuwa akiuangalia alituita wote kwenye kompyuta moja. Wakati ule intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na kabla ya hapo kufungua picha moja tu kulihitaji subira ya mvuvi. Lakini kile kitu kilifunguka. George Bush na John Kerry, vichwa vya picha juu ya miili ya katuni, wakaanza kutukanana kwa wimbo. Nusu ya matusi hatukuyaelewa, lakini tulicheka mpaka tukalipia nusu saa nyingine.

Baadaye nilikuja kujua kwamba ile ilikuwa "This Land!" ya JibJab, iliyotoka Julai 2004 na kutazamwa mara milioni 80 hivi. YouTube ilikuwa haijazaliwa. Swali ambalo sikujiuliza siku ile ni hili: kitu kile kiliwezaje kufika Morogoro, na je, walioichora walipata chochote kutoka kwetu?

Hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka 1995 vijana wawili wa Marekani, Trey Parker na Matt Stone, walitengeneza katuni fupi ya karatasi zilizokatwa, *The Spirit of Christmas*. Mkubwa mmoja wa televisheni, Brian Graden, ndiye aliyewaagiza, awatumie marafiki zake kama kadi ya Krismasi. Kanda zikanakiliwa, nakala zikazaa nakala, mwishowe ikaingia kwenye intaneti. Agosti 1997 mzaha ule ulikuwa umeshakuwa kipindi cha televisheni, *South Park*. Kwa hiyo mtandao ulianza kama njia ya kubishia hodi. Ukishafunguliwa mlango, unakwenda kula televisheni.

Kilichobadilisha hesabu ni programu moja ndogo. FutureWave, kampuni ya Jonathan Gay na wenzake, ilitoa FutureSplash Animator mwaka 1996. Kabla mwaka haujaisha Macromedia ikainunua na kuiita Flash. Siri yake ilikuwa namna ya kuhifadhi mchoro. Video ya kawaida inahifadhi picha zenyewe, moja baada ya nyingine. Flash ilihifadhi maelezo: mstari uanzie hapa, upinde hivi, uishie pale, rangi nyekundu. Kompyuta ya mtazamaji ndiyo iliyochora. Mkono wa mhusika ukishachorwa mara moja, unatumika tena na tena. Kwa modemu ya simu ya kasi ya 56, faili la megabaiti moja lilihitaji zaidi ya dakika mbili kushuka, hata mambo yakienda vizuri kabisa. Katuni nzima iliyoingia kwenye megabaiti chache ilikuwa kama muujiza. Ndiyo maana ilifika mpaka Morogoro.

Flash pia ilipunguza watu. Katuni yenye michoro 12 kwa sekunde inahitaji michoro 720 kwa dakika moja. Studio za zamani zilijaza vyumba vizima vya wachoraji kwa kazi hiyo. Sasa mtu mmoja, chumbani kwake, aliweza. Oktoba 1997 John Kricfalusi, aliyebuni *Ren & Stimpy*, alianza kuweka katuni za Flash kwenye mtandao. Tom Fulp wa Pennsylvania alikuwa na Newgrounds, na mwaka 2000 akaifanya iwe mahali ambapo yeyote anaweza kuweka kazi yake, wenzake wakaipigia kura ya kubaki au kufutwa.

Wenye pesa wakanusa. Kati ya 1998 na 2000, Hollywood iliikimbilia katuni ya mtandaoni kama watu wanaosikia kuna dhahabu Geita. Steven Spielberg na wenzake wa DreamWorks waliungana na Imagine ya Ron Howard na Brian Grazer kuanzisha Pop.com, kwa fedha za Paul Allen. Waandishi waliotoka kwenye *The Simpsons* walikuwa miongoni mwa walioanzisha Icebox. Tim Burton alitengenezewa nafasi kwenye Shockwave.com. Stan Lee, babu wa vitabu vya mashujaa, akafungua Stan Lee Media.

Halafu Machi 2000 hisa za kampuni za intaneti zilifika kileleni na kuanza kuporomoka. Pop.com ilifungwa Septemba mwaka huo, kabla hata haijafunguliwa kwa watazamaji. Stan Lee Media ilisimamisha kazi Desemba. Icebox ilizima taa Februari 2001. Walikuwa na ofisi, walikuwa na mishahara, walikuwa na majina makubwa. Hawakuwa na kitu cha kuuza. Matangazo ya mtandaoni yalilipa kidogo, na kila mtazamaji aliyeongezeka aliongeza gharama ya seva. Ukipendwa zaidi, unafilisika haraka zaidi.

Hapa ndipo nilipomwambia mdogo wangu asome polepole. Mwaka 1998, Stan Lee alipokuwa akianzisha kampuni yake, alisaini karatasi ya kuikabidhi haki za ubunifu wake. Kampuni haikufika mbali. Lakini miaka mingi baadaye wenye hisa wake walirudi mahakamani, kesi baada ya kesi, wakidai kwamba kwa karatasi ile Spider-Man na wenzake walikuwa mali yao. Walishindwa. Ila angalia: kampuni iliishi miaka miwili hivi, karatasi ikaishi zaidi ya muongo mmoja.

Sasa mlinganishe na Parker na Stone. Mkataba wao wa *South Park* uliandikwa wakati ambapo hakuna aliyewaza kutazama televisheni kwenye simu. Lakini uliwaachia sehemu ya mapato ya nje ya televisheni. Neno dogo, wakati ule halikuwa na thamani yoyote. Mwaka 2007, kwa kusimamia kifungu hicho, walipata makubaliano mapya ya kugawana nusu kwa nusu mapato ya matangazo ya mtandaoni. Wenzetu wawili, saini mbili, mwaka mmoja hivi kati yao. Unaona basi kwa nini "vitakavyobuniwa" ilininyima usingizi.

Nani alibaki hai baada ya anguko? Walibaki wadogo. Chukua ndugu wawili wa Atlanta, Mike na Matt Chapman. Mike na rafiki yake walikuwa wametengeneza kitabu cha watoto mwaka 1996, kwa utani tu, kuhusu mwanariadha mmoja asiye na mikono inayoonekana. Wapenda vitabu, mtafurahi kusikia kwamba moja ya katuni kubwa za mtandaoni ilianza kama kitabu. Tovuti ya ndugu hao, *Homestar Runner*, ilifunguliwa mwaka 2000. Mwaka 2001 wakaanza mfululizo ambapo mhusika mkorofi, Strong Bad, anajibu barua pepe za watazamaji. Hawakuweka matangazo. Walikataa kuhamia televisheni. Waliuza fulana. Fulana zikawalipa mishahara kwa miaka. Mwaka 2018 walipoomba mashabiki wachangie mchezo wa mezani wa Trogdor, joka lililochorwa kwa mzaha mwaka 2003, zilipatikana zaidi ya dola milioni 1.4. Joka lilikuwa bado lao.

JibJab nao, ndugu wawili, Gregg na Evan Spiridellis. Umaarufu wa 2004 nusura uwaumize: kampuni ya muziki ilidai wameiba wimbo wa Woody Guthrie. Wanasheria waliowatetea wakachimbua na kukuta kwamba wimbo ulichapishwa mwaka 1945 na hakimiliki yake haikuhuishwa ilipotakiwa. Shauri likaisha Agosti ileile. Baadaye walihamia kwenye kadi za salamu ambapo unabandika uso wako juu ya mwili unaocheza. Watu wakalipia. Kutoka kwetu sisi wa Morogoro, lakini, hawakupata hata senti. Tulimlipa mwenye mgahawa.

YouTube ilikuja 2005, na mwaka 2007 ikaanza kuwagawia watengenezaji sehemu ya fedha za matangazo. Kwa mara ya kwanza mtazamaji wa mbali akawa na thamani, na seva ikawa mzigo wa mwingine. Nani angekataa? Lakini barabara ikishakuwa ya mtu, ndiye anayepanga matuta. Mwaka 2012 YouTube ilianza kupendelea video zinazomshikilia mtazamaji kwa muda mrefu. Anayecheza gemu huku akiongea anatoa nusu saa kila siku. Mchoraji anatoa dakika mbili kwa mwezi. Wachoraji wengi waliacha, wengine wakageuka kuwa watu wa kuongea mbele ya kamera. Mwaka 2019 Google ilipigwa faini ya dola milioni 170 Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto, na tangu Januari 2020 matangazo yanayomlenga mtazamaji binafsi yakaondolewa kwenye video za watoto. Kanuni ilikuwa ya haki kwa watoto, sikatai, lakini iliyakata mapato ya waliowachorea. Na Desemba 31, 2020, Flash yenyewe ikazikwa rasmi. Katuni nyingi zilizotengenezwa nayo leo zinafunguka tu kwa sababu kuna wapenzi waliotengeneza programu za kuzifufua.

Pesa kubwa ziko wapi sasa? Ziko kwa watoto wadogo: CoComelon iliyoanzia nyumbani kwa familia moja California, na "Baby Shark" ya Korea Kusini, video ya kwanza kuvuka mara bilioni 10, Januari 2022. Lakini njia ya fulana haikufa. Vivienne Medrano alitengeneza kipindi cha mwanzo cha *Hazbin Hotel* kwa michango ya mashabiki, akakiweka YouTube 2019, na mwaka 2024 kikatoka kama mfululizo kwenye Amazon. Glitch, studio ya ndugu wawili wa Australia, ilitoa *The Amazing Digital Circus* Oktoba 2023 na inaishi sana kwa kuuza wanasesere na nguo za wahusika. Mwaka mmoja baadaye Netflix nayo ikaanza kuionyesha, huku YouTube ikiendelea.

Na kwetu? Tuna mfano unaojulikana, Ubongo, hapa hapa Dar es Salaam. *Ubongo Kids* ilianza kurushwa TBC1 mwaka 2014, kisha ikaja *Akili and Me*, ya binti wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro. Ni kazi nzuri, mpwa wangu amejifunza kuhesabu humo. Lakini Ubongo ni shirika lisilo la faida, na wafadhili wana sehemu kubwa katika kuliendesha. Tangazo linaloonekana Tandika halilipi kama linaloonekana Texas. Kwa hiyo mchoraji wa Kimara hana wafadhili, hana duka la wanasesere, na matangazo hayamtoshi. Ana mbuzi tu.

Hicho ndicho nilichotaka akione. Programu ya kuchorea ilikufa, kampuni zenye mamilioni zilikufa, kanuni za malipo zimebadilika mara kadhaa. Kilichovuka salama kila mara ni mhusika, na aliyekula naye ni yule ambaye jina lake lilibaki kwenye karatasi. Sisi tuliokua tukigombania *Sani* ili tumsome Kipepe tunajua mhusika anaweza kuishi kichwani mwa mtu miaka thelathini. Huwezi kujua mwaka 2045 mbuzi atakuwa anaendesha bajaji kwenye nini.

Alinipigia simu baada ya kusoma. "Dada, nimekuelewa. Lakini hao wote unaowataja walikuwa na pa kulala. Mimi mwenye nyumba anataka miezi sita."

Sikuwa na jibu la haraka, na bado sina lililokamilika. Milioni sita si hela ndogo, na mimi sitakuwepo wakati anahamisha godoro. Tulikaa Jumapili nzima tukaandika pendekezo jingine: kampuni imtumie mbuzi kwa mwaka mmoja, kwa milioni mbili, na mbuzi abaki kuwa wake. Wiki zikapita. Kampuni haijajibu mpaka leo. Kodi ya miezi mitatu nimemlipia mimi, maana niliyemshauri ni mimi.

Juzi alinitumia kipande kipya. Mbuzi amesimamishwa na trafiki Ubungo, anaulizwa bajaji ni ya nani. Anapapasa mifuko yote, anatoa kadi ya gari, anaishika kwa kwato mbili. Pale chini, kwa herufi ndogo sana, kuna jina la mdogo wangu.