Mimea ya ndani inasafisha hewa kweli? Soma hii kabla hujanunua

Mitandaoni utaambiwa weka mmea chumbani, hewa itakuwa safi. Kuna ukweli, ila ni mdogo sana. Na kama upo Chita, Mlimba au Ifakara na mvua ikinyesha unaingiza jiko la mkaa ndani, kuutegemea ni hatari.

Habari hii ilianzia wapi?

Mwaka 1989, NASA, shirika la anga la Marekani, lilitoa utafiti ulioongozwa na Bill Wolverton. Mimea iliwekwa kwenye visanduku vilivyofungwa kabisa, kisha ikaingizwa gesi chafu kama benzini. Gesi ikapungua. Majani yalisaidia, lakini hata mizizi na vijidudu vya kwenye udongo vilifanya kazi.

Shida iko wapi?

Nyumba yako si kisanduku. Hewa inaingia na kutoka muda wote. Mwaka 2019, Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walikokotoa kuwa ili mimea ifikie kazi inayofanywa na hewa hiyo, inatakiwa kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa chumba cha mita 3 kwa 3, hiyo ni mimea 90 kwa uchache. Utalala wapi?

Vipi kuhusu moshi wa jiko?

Hapo usitegemee chungu cha maua. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na usingizi mzito, na inaua.

Fanya haya:

1. Pikia nje au kwenye banda la jiko. Usilale na jiko la mkaa chumbani, hata kama yamebaki makaa tu.
2. Fungua madirisha ya pande mbili hewa ipite. Bonde la Kilombero lina mbu wengi, kwa hiyo weka wavu dirishani badala ya kufunga, na chandarua kitandani.
3. Ukiweza, hamia gesi au umeme taratibu. Mkakati wa taifa wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Bado unataka mmea?

Weka tu, unapendeza. Zamiokulkasi, ule wenye majani mazito yanayong'aa, asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki na hauhitaji maji kila siku. Ila ukitafunwa unawasha mdomo, hivyo uwe mbali na watoto. Na maji yakituama kwenye kisahani chake, mwaga. Hayo ni mazalia ya mbu.

Mmea ni pambo. Kazi ya kusafisha hewa iachie dirisha.