Steringi Hafi, Hata Chini ya Kibo

Mabanda ya video yana kanuni moja ambayo kila mtazamaji anaijua: steringi hafi. Atapigwa risasi, atatupwa korongoni, lakini mkanda utaisha akiwa hai na mpenzi wake yuko pembeni. Mwaka 1952 kanuni hiyo ilimwokoa mtu ambaye mtunzi wake alikwisha kumuua miaka 16 nyuma, tena katika hadithi iliyobeba jina la mlima ambao watu wa Machame, kwenye miteremko yake, huamka nao kila siku.

Filamu yenyewe ni The Snows of Kilimanjaro ya kampuni ya 20th Century Fox, iliyoongozwa na Henry King na kuchezwa na Gregory Peck, Ava Gardner na Susan Hayward. Imetokana na hadithi fupi ya Ernest Hemingway iliyochapishwa katika jarida la Esquire, Agosti 1936. Hemingway aliijua nchi hii kwa kuiona. Alikuja kuwinda mwishoni mwa 1933, na Januari 1934 akiwa Tanganyika aliugua kuhara damu, ikabidi asafirishwe kwa ndege ndogo hadi Nairobi kutibiwa.

Hadithi yake inaanza na chui aliyekauka katika barafu karibu na kilele. Chui huyo alikuwepo kweli. Mwaka 1926 alionwa na Mchungaji Richard Reusch wa misheni ya Leipzig, misheni ileile iliyofungua kituo chake cha kwanza Kilimanjaro hapa Machame mwaka 1893. Reusch alimkuta upande wa mashariki wa kreta, mahali panapoitwa hadi leo Leopard Point. Hemingway akamhamishia magharibi.

Katika hadithi, mwandishi Harry amelala kambini, mguu umeoza, na mkewe tajiri anamuuguza. Anajutia kipaji alichokipoteza kwa anasa. Usiku anaota ndege imekuja kumchukua, na badala ya kwenda hospitali inampeleka kwenye weupe wa Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro. Kumbe amekwisha kufa. Mlima ndio mwisho wa safari yake.

Hollywood isingeweza kuuza mwisho huo kama filamu ya mapenzi. Mwandishi wa skripti, Casey Robinson, alibuni mwanamke mpya, Cynthia, akampa Ava Gardner. Cynthia ndiye penzi la kweli, na kwa desturi ya filamu hizi penzi la kweli hupotea, hutafutwa, kisha hupatikana likiwa linakata roho. Mke aliye hai, Susan Hayward, lazima astahili pendo kwa kukesha kando ya kitanda. Analipasua jipu la mguu kwa mkono wake, kunakucha, ndege ya kweli inatua, Harry anapona.

Filamu ilivuna fedha nyingi na kuteuliwa kwa tuzo mbili za Oscar. Hemingway hakufurahi, akaikejeli kwa kuibandika jina la Zanuck, mtayarishaji wa filamu hiyo. Alikuwa na haki. Harry alipopona, Kibo kilikosa kazi. Kilibaki pambo nyuma ya hema, na hema lenyewe lilikuwa studioni Marekani. Wenyeji nao walibaki wabeba mizigo na watumishi kama Molo, wanaoitwa, wanaoagizwa, wanaoondoka.

Miaka hiyohiyo watazamaji wa Zanzibar na miji ya Tanganyika walikuwa wakipata somo jingine la mapenzi kutoka India. Awaara ya Raj Kapoor, iliyotoka 1951, ilipendwa mno huku. Ndani yake adui wa wapenzi si jeraha la mguu. Adui ni baba, hadhi na ukoo. Bongo Movie ilipozaliwa, kuanzia Girlfriend ya George Tyson mwaka 2003 hadi Oprah ya Steven Kanumba mwaka 2008, ilichukua zaidi njia hiyo ya ndugu, marafiki na usaliti, ikaongeza yake: jumba la kifahari, kitanda cha hospitali, na hadithi iliyokatwa vipande viwili ili mnunuzi arudi dukani.

Machame ina malighafi ya filamu ambayo hakuna studio ya ng'ambo ingeweza kuibuni. Kila Desemba magari yanapanda kutoka Dar es Salaam yakirudisha watu nyumbani, na wengine wameleta wachumba ambao wazazi hawajawahi kuwaona. Kuna kihamba, shamba la ukoo, kinachogombewa na ndugu, kuna wazee watakaokunywa mbege, pombe ya ndizi, kabla ya kutoa neno, kuna binti anayetaka kubaki mjini na mama anayetaka wajukuu karibu na migomba. Mtunzi atakayeanzia hapo hatahitaji kumwombea steringi wake ndege ya uokoaji. Atahitaji kuamua kama mapenzi yatashinda ukoo, au ukoo utakuwa na hoja ya haki, na swali hilo Hollywood haikuwahi kuliuliza chini ya mlima huu.