Vichujio vya Kinanda cha Emulator II
E-mu Systems, California, Marekani, 1984

Kinanda hiki, ambacho hunasa sauti yoyote iwayo, iwe ya zumari au ya mlango unaogongwa, kisha kikaitoa kwa kimo cha kila kitufe kinachobonyezwa, kiliundwa katika zama ambazo chipu za kuhifadhia kumbukumbu zilikuwa ghali mno, hata ikalazimu sauti kubanwa katika biti 8 na kutoka na mkwaruzo. Ili kuupunguza mkwaruzo huo na kuipa sauti umbo stahiki, kila moja ya njia zake 8 za kutolea noti ilipewa kichujio cha analogia, chipu ya SSM2045, ambayo hupitisha mawimbi ya chini na kuyazuia ya juu kwa kadiri ya volteji inayoiamuru.

UKARABATI
Maadamu kila njia ina kichujio chake, hitilafu aghalabu hudhihirika katika noti moja kati ya nane, ikatoka hafifu au ikanyamaza kabisa. Hapo fundi stadi huifuata njia hiyo kwa osiloskopu, akakagua kwanza umeme unaoilisha, kisha kapasita na volteji ya amri, na mwisho kabisa chipu yenyewe, kwani chipu za asili zimekuwa adimu, na kuing'oa iliyo nzima kwa dhana tu ni hasara isiyofidika. Kazi haihesabiwi kuwa imekamilika mpaka njia iliyotengenezwa ilingane kwa sikio na saba zilizosalia.

Wageni watukufu mnaombwa msiguse vitufe.