Ndumakuwili: Nyoka kipofu anayeuawa bila hatia

MVUA inyeshapo na jembe kuanza kazi, mkulima huenda akafukua kiumbe chembamba chenye kung'aa, mithili ya nyungunyungu. Waswahili humwita ndumakuwili, nyoka anayedhaniwa kuwa na vichwa viwili na kuuma pande zote. Jina hilo hata hupewa mtu mnafiki. Aghalabu kiumbe huyo hukatwa papo hapo.

Ukweli ni kwamba ana kichwa kimoja tu na hana sumu. Mkia wake ni butu kama kichwa, na nchani mwake mna mwiba mdogo unaomsaidia kujisukuma udongoni. Akishikwa hudunga kwa mwiba huo, lakini hadhuru. Macho yake yamefunikwa na magamba, hivyo hutambua mwanga na giza pekee.

Wanasayansi wameorodhesha zaidi ya aina 400 za nyoka vipofu, katika familia tano. Typhlopidae wana meno kwenye taya la juu, ilhali Leptotyphlopidae, walio wembamba kama uzi, wana meno kwenye taya la chini pekee. Chakula chao kikuu ni mayai na mabuu ya mchwa na sisimizi. Mdogo zaidi, aliyetangazwa mwaka wa 2008 kutoka kisiwa cha Barbados, ana urefu wa takriban sentimita 10. Kusini mwa Afrika wapo wanaokaribia mita moja.

Asili yao ni ya kale mno. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka wa 2010 ulionyesha kuwa walikuwako enzi za Gondwana, bara kuu lililounganisha Afrika, India na Madagaska. Bara hilo lilipopasuka, nyoka hao walitengana na kila kundi likabadilika kivyake. Madagaska ilibaki na familia nzima isiyopatikana kwingineko.

Mmoja, Indotyphlops braminus kutoka Asia, amesambaa hadi Pwani ya Afrika Mashariki akijificha katika udongo wa miche na vyungu vya maua. Wote ni majike na hutaga mayai bila dume, hivyo mmoja tu aweza kuanzisha kizazi.

Kwa hivyo, anayemkata ndumakuwili shambani humuua mla mchwa asiye na madhara kwa binadamu.